Kusasisha BIOS ukiwa Nyanda za Juu Kusini: uache, utumie Windows, utumie flashi au umpe fundi?

Jioni moja ya mvua shemeji yangu aliyeko Tukuyu alinitumia picha ya kioo cha laptopi yake. Ujumbe ulisema kuna BIOS mpya, na chini yake kitufe cha kukubali. "Shemeji, nibonyeze?" Nilimwuliza jambo moja: umeme wa huko leo ukoje? Akasema tangu mchana umeshakatika mara mbili. Nikamwambia aizime mashine, tutaongea kesho.

Kesho yake tuliongea mpaka dakika zake zikaisha. Haya ndiyo niliyomweleza, pamoja na mengine niliyoyakumbuka baada ya simu kukatika.

BIOS ni programu ndogo iliyoandikwa kwenye chipu iliyochomelewa juu ya mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta. Ukiwasha kompyuta, hiyo ndiyo inayoamka kwanza: inatambua RAM, diski na kibodi, halafu inaikabidhi mashine kwa Windows au Linux. Kwenye kompyuta za leo jina lake halisi ni UEFI, ila mafundi, wauzaji na hata watengenezaji wenyewe bado wanasema BIOS, nami nitasema hivyo hivyo. Windows ikiharibika unaiweka upya kwa flashi. BIOS ikikatizwa katikati ya kuandikwa, mara nyingi hakuna tena cha kuisoma hiyo flashi. Unabonyeza kitufe, feni inazunguka, kioo cheusi.

Njia zilizo mbele yako ni nne: kuiacha BIOS ilivyo, kuisasisha kupitia Windows au Linux, kuisasisha kwa flashi kutoka ndani ya menyu ya BIOS, au kumpelekea fundi. Sioni moja inayomfaa kila mtu kuanzia Iringa hadi Tunduma, kwa hiyo nitazipima zote kwa vigezo vilevile.

VIGEZO

Umeme. Kuandika chipu huchukua dakika chache, mara nyingi hazifiki 10. Hatari karibu yote imo ndani ya dakika hizo. Jiulize hivi: umeme ukikatika hapo, mashine itashikiliwa na nini? Betri ya laptopi, UPS (kisanduku chenye betri kinachoishikilia kompyuta umeme ukikatika), au hakuna kitu? Na usidhani kukatika ni mvua na radi tu. Kompyuta ya mezani ya kwanza niliyoiua kwa mkono wangu, nyumbani hapa Mbeya, ilikufa mchana wa jua kali. Uniti za LUKU ziliisha mstari wa kuandika BIOS ukiwa umevuka nusu, na chumba cha pili pasi ilikuwa inafanya kazi. Mita ilishaonya tangu asubuhi. Sikuitazama.

Bando na pesa. Chipu nyingi za BIOS zina ukubwa wa MB 8, 16 au 32, kwa hiyo faili lenyewe ni dogo. Kinachokula bando ni programu za kulipakulia.

Njia ya kurudi. Ikiharibika, je, mashine ina uwezo wa kujiokoa, au lazima ifunguliwe?

Mkono. Ujuzi na utulivu unaohitajika, pamoja na nafasi ya kukosea.

KUIACHA ILIVYO

Umeme, bando na mkono hapa havina la kusema: hufanyi kitu, hulipi kitu. Hata njia ya kurudi huihitaji. Ndiyo maana mafundi wengi wa zamani watakwambia "kama haijaharibika usiiguse", na kwa kompyuta za miaka ile walikuwa sahihi kabisa. Kompyuta ya steshenari inayochapa barua na kutoa fotokopi, haina intaneti, inawaka kila asubuhi bila kugoma, sioni unachotafuta humo.

Lakini kuacha nako kuna gharama yake, ila huilipi leo. Mwaka 2018 zilipotangazwa kasoro za Spectre na Meltdown kwenye prosesa, sehemu ya dawa yake ilisambazwa kupitia BIOS mpya. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba prosesa zake za mezani za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zinaomba volti kupita kiasi na kuchakaa mapema. Marekebisho yake yalipitia BIOS, na prosesa iliyokwisha kuchakaa haiponi kwa apdeti. Mwenye mashine ya namna hiyo akisema anaacha ilivyo, anaacha moto jikoni.

Kuna na hili la vyeti vya Secure Boot, yaani ulinzi unaokagua kinachowashwa mwanzoni. Vyeti vilivyotolewa mwaka 2011 vimewekewa muda unaoanza kwisha Juni 2026. Mashine haitagoma kuwaka siku hiyo, watu wasitishane, ila isiyo na vyeti vipya vya 2023 itakosa marekebisho ya usalama ya sehemu hiyo ya kuwashia. Vyeti hivyo huja kupitia Windows, na kwa baadhi ya kompyuta inabidi BIOS isasishwe kwanza.

Inamfaa: mwenye mashine ya zamani ambayo mtengenezaji ameshaacha kuitolea matoleo, na mwenye mashine tulivu isiyoingia intaneti.

KUPITIA WINDOWS AU LINUX

Hii ndiyo njia aliyokuwa ameonyeshwa shemeji. Ujumbe unaweza kutoka Windows Update yenyewe au kwenye programu ya mtengenezaji, kama SupportAssist ya Dell, HP Support Assistant au Lenovo Vantage. Wa Linux wana fwupd: unaandika fwupdmgr refresh, kisha fwupdmgr get-updates, kisha fwupdmgr update, mradi mtengenezaji wako anapeleka matoleo yake huko.

Umeme. Watu hudhani njia hii huandika chipu huku Windows ikiendelea. Kwa mashine nyingi za sasa sivyo: faili huwekwa pembeni, kompyuta inajizima na kuwaka, na uandishi unafanyika kabla Windows haijaamka. Kwa hiyo hatari ya umeme ni ileile ya njia ya flashi. Zilizokuwa zikiandika Windows ikiwa hai ni zile za zamani, na kwa hizo mimi siitumii njia hii, maana Windows ikiganda katikati, mambo yamekwisha.

Laptopi nyingi zitakataa kuanza kama chaja haijachomekwa au betri iko chini. Usitafute namna ya kuzunguka katazo hilo. Ila betri ya mtumba hudanganya. Inaonyesha asilimia 100, ukichomoa chaja inazima baada ya dakika mbili. Ijaribu kabla: fungua dirisha la amri uandike powercfg /batteryreport, ulinganishe ujazo wa kiwandani na ujazo wa sasa. Au fanya kienyeji kama nifanyavyo mimi: chomoa chaja, cheza video nusu saa, uone.

Bando na pesa. Hapa ndipo inapouma. Faili ni dogo, lakini programu ya mtengenezaji ni kubwa, na Windows Update ikishafunguliwa huchukua na ya kwake, mamia ya MB au zaidi. Kwa bando la siku hilo ni zogo.

Njia ya kurudi. Mtego mkubwa wa njia hii hauko kwenye chipu, uko kwenye BitLocker, ile kufuli ya diski ya Windows. Windows 11 kwenye laptopi nyingi huwa imefunga diski kwa siri bila mwenye nyumba kujua. BIOS ikibadilika, mashine inaweza kushtuka na kuomba ufunguo wa tarakimu 48. Programu za watengenezaji kwa kawaida husitisha ulinzi huo kwa muda zenyewe, ila usiwaachie. Ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft, utafute ufunguo huo, uuandike kwenye daftari kabla ya kubonyeza chochote. Nimekutana na mwalimu mmoja ambaye akaunti ilifunguliwa na kijana aliyemuuzia laptopi, kwa namba ya simu isiyopatikana tena. Kazi zake za miaka mitatu zilikuwa mule ndani.

Mkono. Kidogo sana, na hii ndiyo sifa yake kubwa. Programu inajua modeli yako, kwa hiyo huwezi kupakua faili la mashine nyingine kwa bahati mbaya.

Inamfaa: mwenye laptopi ya miaka ya karibuni, betri yenye afya, bando la kutosha, na asiyependa kuingia kwenye menyu za buluu.

KWA FLASHI, NDANI YA BIOS YENYEWE

Kwa kompyuta za mezani hii ndiyo naipenda, hasa zilizounganishwa vipandevipande. ASUS wanaiita EZ Flash, MSI M-Flash, Gigabyte Q-Flash, ASRock Instant Flash. Laptopi nyingi za Dell zina kipengele hicho ukibonyeza F12 wakati wa kuwasha. Za HP hukipata ndani ya F10.

Mkono. Naanza na huu kwa sababu ndio unaoamua. Kwanza ujue kwa hakika mashine yako ni ipi. Bonyeza Windows pamoja na R, andika msinfo32, usome modeli na toleo la BIOS lililopo. Kwenye Linux ni sudo dmidecode -s bios-version. Kwa mazabodi za Gigabyte kuna namba ndogo ya marudio iliyochapwa pembeni mwa bodi, 1.0, 1.1 na kadhalika. Mbili zenye jina moja na marudio tofauti zinaweza kuwa na BIOS tofauti. Pakua kwenye tovuti ya mtengenezaji tu. Lile faili la kwenye kundi la Telegram, hata kama limetumwa na rafiki, achana nalo.

Kama tovuti imeweka alama ya SHA256, yaani namba ndefu ya kuhakikisha faili limefika zima, linganisha: certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256. Inachukua sekunde, na kwa mitandao yetu inayokatika katikati ya kupakua, ni sekunde nzuri. Fungua faili kama limebanwa, liweke kwenye flashi iliyofomatiwa FAT32, na flashi iwe nzima, si ile inayotoka na kurudi ukiigusa.

Halafu chukua simu, upige picha kila ukurasa wa mipangilio ya BIOS. Apdeti mara nyingine hurudisha mipangilio ya kiwandani, na ikibadilisha namna diski inavyosomwa, kwa mfano kutoka RAID kwenda AHCI, Windows itagoma kuwaka na utadhani umeua mashine. Ukirudisha kama ilivyokuwa kwenye picha, inawaka.

Umeme. Laptopi ina betri, tumeshaisema. Ya mezani inataka UPS, hata ndogo, na UPS nayo ipimwe: siku moja kabla, kompyuta ikiwa imewaka, chomoa waya wa UPS ukutani uhesabu dakika. Iliyokaa miaka minne chini ya meza bila kubadilishwa betri huzima hapohapo. Stabilaiza haisaidii lolote umeme ukikatika; inarekebisha volti tu, na madukani watu huzichanganya hizi mbili. Kisha tazama LUKU. Kwa msimu wa mvua, Novemba mpaka Aprili hivi, mimi hufanya kazi hii asubuhi, maana radi zetu nyingi huja mchana na jioni.

Ikishaanza, usiguse. Kioo kinaweza kuwa cheusi, feni ikapiga kelele kama mashine ya kusaga, kompyuta ikajizima na kuwaka mara mbili au tatu. Hayo ni ya kawaida. Vidole vya hofu kwenye kitufe cha kuzimia vimeua mashine nyingi, bila TANESCO kuhusika.

Bando na pesa. Nafuu kuliko njia zote za kusasisha. Hata mtu wa Makete au Ludewa anaweza kupakua faili kwa simu na kulihamishia kwenye flashi.

Njia ya kurudi. Inategemea mashine, na ni vizuri uulize kabla hujanunua. Mazabodi nyingine zina tundu maalumu la USB na kitufe cha kuandikia BIOS hata prosesa ikiwa haipo: BIOS FlashBack kwa ASUS, Flash BIOS Button kwa MSI, Q-Flash Plus kwa Gigabyte. Hapo faili linataka jina kamili, mathalani MSI.ROM au GIGABYTE.bin, vinginevyo taa inamweka kidogo na kuzima. Kwa Dell nyingi za karibuni kuna uokoaji wa kushikilia Ctrl na Esc, kwa HP nyingi ni Windows na B. Mwenye vitu hivi anaweza kulala usingizi. Mwenye mazabodi ya zamani isiyo na chochote kati ya hivyo, mlango wake wa kutokea ni fundi tu. Na wengine hawaruhusu kurudi toleo la nyuma, kwa hiyo soma maelezo ya toleo kabla, si baada.

Inamfaa: mwenye kompyuta ya mezani na UPS, mwenye bando dogo, na mtu anayeweza kusoma ukurasa mzima bila kuruka mistari.

KUMPELEKEA FUNDI

Kuna fundi wa aina mbili, na kuwachanganya ndiko kunakoleta lawama. Wa kwanza atafanya kile kile ambacho ungefanya wewe, kwa flashi, ukamlipa kwa utulivu wake na UPS yake. Wa pili ana kifaa cha kuandikia chipu moja kwa moja, programa, mara nyingi CH341A, na kibanio chenye miguu minane kinachobana chipu bila kuichomoa. Huyu ndiye anayefufua mashine iliyokwisha kufa. Mwanjelwa na Kabwe, hapa Mbeya mjini, utapata wa kwanza kila baada ya hatua chache. Wa pili itabidi uulizie.

Umeme. Si tatizo lako tena. Hata ukikatika wakati anaandika kwa programa, anaanza upya, chipu haikumbuki.

Bando na pesa. Bando ni la kwake. Bei patana kabla hajafungua skrubu ya kwanza, na uulize kama analipwa hata mashine isipowaka. Ongeza nauli: kutoka Tukuyu hadi Mbeya mjini ni kama kilomita 70, na laptopi haitatengenezwa ukiwa umesubiri kwenye benchi kila mara.

Njia ya kurudi. Hapa mwulize swali moja litakalokuonyesha kama anaijua kazi: "Utaisoma kwanza iliyopo na kuihifadhi?" Jibu lazima liwe ndiyo. Ndani ya chipu hamna BIOS peke yake. Mna namba ya mashine, mara nyingi anwani ya kadi ya mtandao, na kwa kompyuta zilizotoka na Windows 8 kuja huku, mna hata ufunguo wa leseni ya Windows. Fundi akibandika faili la mashine nyingine alilolitoa mtandaoni bila kuhamisha vitu hivyo, laptopi itawaka, mtashikana mikono, na wiki ya pili Windows itakwambia haijalipiwa. Kwenye baadhi ya mashine za Intel, sehemu iitwayo Management Engine isipokaa sawa, kompyuta hujizima kila baada ya dakika 30. Watu huzunguka na tatizo hilo wakibadilisha RAM na feni.

Mwulize na volti. CH341A nyeusi za bei rahisi zinajulikana kwa kutoa volti 5 kwenye njia za data, wakati chipu nyingi ni za volti 3.3 na nyingine 1.8. Fundi mzuri ameshairekebisha yake, au anatumia adapta.

Mkono. Wako haupo, isipokuwa wa kubeba risiti. Laptopi nyingi za mtumba zilitoka maofisini Ulaya zikiwa na nywila ya BIOS, na apdeti mara nyingi itaiomba. Fundi wa programa anaweza kuiondoa, lakini mwaminifu atataka kwanza kuona umeipata wapi. Usimkasirikie.

Inamfaa: mwenye mashine iliyokufa, mwenye BIOS iliyofungwa, na mwenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS wala uokoaji.

KWA HALI YAKO

Una laptopi ya miaka mitatu minne, betri inashika saa moja na zaidi, na mtengenezaji ametoa toleo la usalama: pitia Windows, ufunguo wa BitLocker ukiwa daftarini.

Una EliteBook au Latitude ya mtumba, betri imekufa lakini mashine inachapa kazi: nunua betri kwanza. Kama pesa ya betri haipo, iache ilivyo. Mashine inayosimama kwa chaja pekee siigusi mimi.

Umeunganisha kompyuta ya mezani yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 13 au 14, au unataka kuweka prosesa mpya ambayo bodi yako bado haiitambui: flashi na UPS, na usichelewe.

Una mashine ya biashara Makambako au Njombe, moja tu, na kesho watu wanakuja kuchapa vyeti: hata kama kila kitu kiko tayari, ngoja siku isiyo na wateja.

Uko kijijini na umeme wa sola: laptopi yenye betri nzuri inatosha, betri ya sola ikiwa imejaa. Ya mezani juu ya sola ndogo, ipeleke mjini siku utakayokwenda kwa shughuli nyingine.

Mashine ilishakatizwa katikati na sasa kioo ni cheusi: jaribu kwanza vitufe vya uokoaji vya modeli yako na flashi yenye faili sahihi. Vikishindikana, ni fundi wa programa, na usimruhusu mwingine yeyote aichomoechomoe kabla.

Shemeji betri yake ilishika saa moja na nusu ya video. Alingoja Jumapili asubuhi, anga nyeupe, LUKU ina uniti, akabonyeza. Baada ya dakika mbili akanipigia kwa sauti ya chini, kama mtu aliye wodini: kioo kimekuwa cheusi na feni inalia. Nikamwambia aweke simu mezani, aende akanywe chai.